Simba Mwene na Mfalme wa Katuni: The Lion King Ikitazamwa Upya Kutoka Usambara

The Lion King, filamu ya katuni ya kampuni ya Disney, ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 1994. Ina urefu wa dakika 88. Waongozaji wake ni Roger Allers na Rob Minkoff, nyimbo ni za Elton John na Tim Rice, na muziki unaosindikiza picha ni wa Hans Zimmer. Kisa chake husimuliwa kwa maneno machache. Mufasa, mfalme wa simba, anauawa kwa hila na nduguye Scar. Mwanawe, Simba, anaaminishwa kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo hicho. Anakimbia, anakulia ugenini akilelewa na ngiri na nguchiro, kisha anarudi kudai kiti cha baba yake. Scar anapotawala, mvua inakatika na mawindo yanatoweka. Simba anaposhika nchi, mvua inanyesha.

Mwaka huohuo wa 1994 ndipo vituo vya binafsi vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Kabla ya hapo Bara haikuwa na televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970. Watoto wa vijiji vya milimani waliikuta filamu hii kwa kuchelewa, kwa njia ya kanda na baadaye CD na DVD, kwenye deki ya jirani au kibanda cha video chenye mabenchi na jenereta. Kibanda kina namna yake ya kusoma filamu: kuna stelingi na kuna adui, na stelingi hafi. Filamu za mapigano na za Kihindi zilipata wafasiri wa kuzisimulia kwa Kiswahili, na aliyevuma kuliko wote ni Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Mtoto aliyeitazama katuni ya simba kwa Kiingereza chake, bila mfasiri, aliisoma kwa macho zaidi kuliko masikio. Alichobaki nacho ni picha: nyumbu wakiporomoka korongoni, mtoto wa simba akijilaza chini ya mkono wa baba aliyekwisha kufa, fisi wakicheka gizani.

Kuirejea filamu ya namna hiyo utu uzimani huchukuliwa mara nyingi kuwa ni safari ya kutafuta utoto. Kwa mtazamaji aliyekulia Usambara jambo hili lina uzito mwingine. Anapoisikia sasa kwa masikio yanayoelewa, anakutana na lugha yake mwenyewe ikiwa imewekwa mahali asipopategemea, na anakutana na swali ambalo milima yake imelijadili kwa karne tatu: mfalme anahusikaje na mvua? Usambara ilikuwa na mfalme aliyeitwa simba muda mrefu kabla ya katuni hiyo, na jibu la Wasambaa kwa swali hilo ni zito na la kina kuliko jibu la filamu.

Lugha kwanza. Mtoto hashangai kumsikia simba akiitwa Simba, lakini mtu mzima huona mara moja kwamba ni sawa na kumwita mtu Mtu. Rafiki ni rafiki. Pumbaa, ngiri mnene mwenye moyo mwema, amepewa kitenzi cha Kiswahili cha mtu aliyezubaa. Jina la malkia, Sarabi, ni neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbali kwenye joto la tambarare. Kati ya majina yote hili ndilo zuri zaidi, na huenda ndilo linalotambuliwa na wachache zaidi. Mengine, kama Timon na Scar, hayatoki Kiswahili, na Banzai ni ukelele wa Kijapani. Filamu ilitolewa pia kwa sauti za Kizulu, na uimbaji wake ulijengwa na Lebo M., msanii wa Afrika Kusini. Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupata toleo lake.

Kuna jina moja ambalo haliwezi kupitwa haraka. Fisi jike anayeongoza wenzake anaitwa Shenzi. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, jamii ilijipanga kwa maneno mawili: muungwana na mshenzi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini ya mji, asiye na nguo na adabu za mji, na kwa hiyo mtu ambaye kumteka na kumuuza kulionekana hakuhitaji maelezo mengi. Wasambaa na majirani zao walikuwa miongoni mwa waliobeba jina hilo walipotazamwa kutoka Pangani na Tanga. Neno lingali tusi zito hadi leo. Filamu inamtwika jina hilo kiumbe anayeishi mpakani, mahali ambapo mwanga wa nchi ya mfalme haufiki, na kosa lake la kwanza ni njaa. Fisi hawaruhusiwi kuwinda katika nchi ya Mufasa, na Scar anawapata kwa kuwaahidi chakula. Wanapopita mbele yake kwa gwaride, picha zimejengwa kwa mfano wa filamu ya Leni Riefenstahl ya mwaka 1935 iliyowatukuza Wanazi. Yaani wenye njaa wa mpakani wamefanywa jeshi la dikteta, na kiongozi wao amepewa jina ambalo watu wa pwani waliwaita babu za mtazamaji. Mtoto hucheka fisi wakijikwaa. Mtu mzima anayeijua safari ya neno hilo anapata kazi kubwa kucheka, na ana haki ya kuona uchungu.

Fisi wenyewe wamesingiziwa. Hans Kruuk, aliyewachunguza Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba fisi madoa hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda wenyewe, na kwamba kreta ya Ngorongoro ilikuwa mahali ambapo mara nyingi simba ndiye aliyekula mawindo ya fisi. Jambo moja filamu imelipata sawa: ukoo wa fisi huongozwa na majike. Kuhusu simba imekosea karibu kila kitu. Utafiti wa simba wa Serengeti, ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966 na kuendelezwa na wengine kwa miongo kadhaa, umeonyesha kwamba kiini cha kundi la simba ni majike wa ukoo mmoja. Madume hukaa miaka michache tu kabla ya kufukuzwa na wengine, na mwana dume hafuati nyayo za baba yake, bali huondoka. Ndugu dume ndio washirika wa kawaida wa kulilinda kundi, na madume wageni wanaolitwaa kundi huua watoto waliowakuta. Scar wa mwituni asingekuwa na sababu ya kumsaliti Mufasa, na kama angekuwa nayo asingewaachia fisi kazi ya kumuua Simba.

Msemo maarufu zaidi wa filamu, hakuna matata, nao umesafiri. Mtanzania katika mazungumzo ya kila siku husema hakuna shida au hakuna tatizo, na vijana husema hamna noma. Hakuna matata ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya hoteli za pwani ya Kenya, na wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms uliutangaza msemo huo mwaka 1982. Disney iliomba mwaka 1994 kuusajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi, ikakubaliwa mwaka 2003. Habari hiyo ilipoenea mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu 100,000 waliweka saini kwenye ombi la kuipinga. Kesi nzito zaidi ilikuwa ya wimbo mwingine. Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, ndio mzizi wa wimbo wa simba anayelala unaosikika ndani ya filamu. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na mabinti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 baada ya kushitaki. Mbube kwa Kizulu ni simba.

Baada ya masikio, macho. Wachoraji wa filamu walikwenda Kenya kuitazama mandhari ya Hell's Gate, na miamba na nyasi za filamu zina asili hiyo. Kisha wakachanganya bara zima: sura ya Rafiki ni ya nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni, na Timon ni nguchiro wa kusini mwa Afrika. Kinachobaki kikuu ni tambarare: mti mmoja, jua kubwa, upeo usio na kilima. Kwa mtazamaji wa Ulaya hiyo ndiyo Afrika. Kwa mtoto wa Kwai hiyo ni ugenini.

Kata ya Kwai iko wilayani Lushoto, katika Usambara Magharibi, milima inayopanda hadi zaidi ya mita 2,000. Baridi yake iliwavutia Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 wakaweka huko shamba la majaribio la serikali. Leo mabonde ya eneo hilo yanajulikana kwa kabichi, karoti na viazi vinavyoshushwa kwa malori hadi barabara kuu ya Mombo. Asubuhi kuna ukungu, na katika msitu wa Magamba kuna mbega weusi wenye mabega meupe. Wasambaa huigawa dunia yao katika sehemu mbili: Shambaai, ambako ni milimani, kwenye migomba, mvua na watu, na nyika, tambarare ya joto, homa na wanyama wakali. Anayesimama Mtae, kwenye ukingo wa milima, huiona nyika ikitandaa chini kuelekea Mkomazi. Kwa hiyo filamu imeweka kitovu cha dunia mahali ambapo Msambaa ameweka pembezoni, na kuweka ukungu na vivuli, ambavyo kwake ni nyumbani, kwenye makaburi ya tembo na makazi ya fisi. Mtoto hukubali mpangilio huu bila kuuliza, kwa kuwa wakati wa kutazama yeye ni raia wa filamu. Mtu mzima akiutambua, anatambua pia kwa nini katuni hiyo, yenye majina ya lugha yake, haikumfanya ajione ndani yake.

Hata hivyo kuna njia nyingine ya kumwingiza, na hiyo haikupangwa na watunzi. Mfalme wa Usambara aliitwa Simba Mwene. Masimulizi ya asili ya cheo hicho yameandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa na misheni ya Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, na kuhaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962. Mwanahistoria Steven Feierman aliyachambua pamoja na masimulizi ya mdomo aliyoyakusanya milimani, katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa cha mwaka 1974.

Mbegha, mfalme wa kwanza katika masimulizi hayo, alikuwa mtu wa nchi ya Unguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa hatari kwa ukoo. Hakuuawa, lakini wazazi walipofariki ndugu zake walimnyima urithi. Akaondoka, akawa mwindaji. Huko Kilindi alifanya urafiki na mwana wa mkuu wa nchi, wakawa wanawinda pamoja, hadi siku kijana huyo alipouawa na nguruwe mwitu. Mbegha akakimbia kwa kuogopa kudaiwa damu. Alipanda Usambara akakuta watu ambao mashamba yao yanaharibiwa na nguruwe, akawaua nguruwe hao na kuwagawia nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Wakampa na wake. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji, akaalikwa Bumbuli, kisha Vugha, mahali palipokuja kuwa makao ya wafalme. Alipofika Vugha aliua simba usiku, na watu wakamwita Simba. Huo ulikuwa, kwa makadirio ya wanahistoria, wakati wa nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mwanawe Bughe akamrithi.

Mifupa ya visa viwili inafanana kiasi cha kushangaza: urithi ulionyimwa na ndugu, kifo kinachomfanya asiye na hatia akimbie, miaka ya porini, na ujio unaoleta shibe. Wataalamu wa filamu huitafuta asili ya The Lion King katika Hamlet ya Shakespeare, na wana sababu. Msomaji wa Kiswahili aliyesoma Makbeth katika tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1968 naye anamjua mnyang'anyi wa kiti na nchi inayougua chini yake. Hakuna haja ya kudai kwamba Hollywood iliwahi kusikia habari za Vugha. Kufanana huko kunafaa kwa sababu nyingine: kunazionyesha tofauti waziwazi.

Tofauti ya kwanza ni damu. Simba wa katuni ni mfalme tangu kuzaliwa. Filamu inaanza kwa kumwinua juu ya mwamba mbele ya wanyama walioinama, na yote yanayofuata ni kurudisha kilichokuwa chake. Mbegha hana chochote. Alichopewa kwa kuzaliwa ni nuksi, na ufalme ameupata kwa kuwa watu wamemhitaji. Tofauti ya pili ni simba mwenyewe. Katika ngano ambazo watoto wengi wa Tanzania wamesimuliwa, simba ni mwenye nguvu anayedanganywa na sungura. Msambaa alipomwita mfalme wake simba hakuwa akimsifia tu. Alikuwa akikiri kwamba mwenye enzi ni mnyama mla nyama, anayeweza kuchukua ng'ombe au mtoto wa mtu, na kwamba aliyeua simba ameuchukua ukali wake. Jina lina heshima na hofu kwa pamoja. Filamu inaligusa jambo hilo mara moja tu, Mufasa anapomweleza mwanawe kwamba simba hula swala lakini hugeuka nyasi zinazoliwa na swala, kisha inaliacha na kuendelea na mapenzi na vichekesho.

Tofauti ya tatu, na ndiyo yenye maana zaidi, ni ukame. Wasambaa wana maneno mawili kwa hali ya nchi: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wakilindi, yaani ukoo wa wafalme uliotokana na Mbegha, walikuwa na uganga wa mvua, na watu waliamini kwamba wanaweza kuileta au kuizuia. Feierman alieleza kwamba katika fikra hiyo wema wa moyo wa mfalme hautoshi. Mfalme ambaye nguvu yake imezizidi nyingine zote huiona nchi kuwa mali yake, na mwenye mali huitunza. Wakuu wanapopambana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja huizuia mvua ya mwenzake, na njaa huingia. Maelezo haya yakipelekwa kwenye filamu, yanaipindua. Scar baada ya kumuua nduguye na kumfukuza mpwa wake hana mpinzani. Kwa hesabu ya Wasambaa, hapo mvua ingetarajiwa kunyesha, na wakati wa kuogopa ukame ni pale Simba anaporudi kupigana naye. Filamu inasema ukame unatoka kwa mtu asiye na haki ya damu na kwa wageni aliowaingiza. Wasambaa walisema unatoka kwenye ugomvi wa wakubwa, hata wote wakiwa wana wa mfalme.

Walikuwa na ushahidi. Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848, alitawala kwa takriban nusu karne hadi kifo chake karibu na 1862. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, huko chini nyikani, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana kwa pembe na watumwa. Alimpindua mjukuu wa Kimweri aliyerithi Vugha, Shekulwavu, na vita vya Wakilindi wao kwa wao vikaendelea hadi miaka ya ukoloni. Waliouzwa walikuwa raia. Wabondei, majirani wa Wasambaa waliochoka kuuzwa, waliinuka karibu na 1869 katika uasi ulioitwa Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliowatawala. Hilo ndilo jambo ambalo filamu haiwezi kulifikiria: raia wanaomhukumu mfalme. Wanyama wake huinama mwanzoni na hushangilia mwishoni, na wakati wa njaa hawaonekani kabisa. Majike wanaona njaa kwa miaka hadi dume anaporudi.

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa. Mjadala wa mvua haukufa naye. Waingereza walipowalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika miaka ya 1950, machifu ndio waliotumwa kusimamia kazi hiyo, na hasira ya wakulima iliipa TANU wafuasi wengi milimani. Feierman, katika kitabu kingine cha mwaka 1990, ameonyesha jinsi wakulima walivyoendelea kubishana juu ya nani anaitengeneza nchi na nani anaiharibu, huku wakitumia maneno yaleyale ya wakati wa wafalme. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mtu aliyekulia katika mabishano hayo, akiitazama tena dakika ya mwisho ya filamu, anaona kitu ambacho mtoto hakukiona: nyasi zimeota, mito imejaa, na hakuna aliyeshika jembe. Kijani kimekuja kwa mfalme kupanda mwamba. Milimani, hata aliyeamini kwa dhati uganga wa mvua wa Simba Mwene alijua kwamba baada ya mvua kuna kupanda, kupalilia na kulinda shamba dhidi ya nguruwe.

Disney iliitengeneza hadithi upya mwaka 2019 kwa picha za kompyuta zinazofanana na wanyama halisi, bila kugusa hoja yake. Mabadiliko yalikuja Desemba 2024, katika filamu ya Mufasa iliyoongozwa na Barry Jenkins, inayosimulia yaliyotangulia. Humo Mufasa hana damu ya kifalme. Ni mtoto aliyesombwa na mafuriko, akapokelewa na kundi lisilo lake, na mwana halisi wa mfalme wa kundi hilo ni Taka, ambaye baadaye ataitwa Scar. Wanakimbia, wanavuka nchi, wanafika mahali paitwapo Milele, na huko wanyama wenyewe wanamkubali Mufasa kuwa mfalme. Miaka 30 baada ya filamu ya kwanza, mgeni asiye na urithi amechukua nafasi ya mrithi, na kwa hatua hiyo hadithi imesogea karibu na Vugha. Imebaki tofauti katika kile ambacho mgeni huyo amewaletea wenyeji. Wanyama wa Milele wanamfuata Mufasa kwa sababu amewaongoza vitani. Watu wa Usambara walimpa Mbegha nchi baada ya kula nyama aliyowagawia, ya nguruwe waliokuwa wakila mashamba yao.